Mbwa, Ndezi na Shamba la Mahindi katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Jimbo la Lualaba, lililoundwa mwaka 2015 baada ya Katanga ya zamani kugawanywa na mji wa Kolwezi kufanywa makao makuu, linajulikana duniani kwa shaba na kobalti, na karibu kila kinachoandikwa juu yake huanzia machimboni na kuishia kwenye bei ya madini. Hata hivyo wakazi wengi wa teritware zake za Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga huishi kwa jembe, wakilima mahindi, mihogo, karanga, maharage na viazi vitamu katika mashamba yaliyofyekwa ndani ya miombo, yaani pori la miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, na mazao hayo hushambuliwa kila mwaka na wanyama ambao hakuna afisa anayewahesabu. Miongoni mwa nyenzo alizo nazo mkulima wa kuwakabili, mbwa wa kijijini ndiye anayetumiwa sana na kuthaminiwa kidogo. Mbwa huyu ni mfanyakazi wa kilimo kwa maana kamili ya neno hilo, na kumwacha bila chanjo na bila matunzo ni hasara inayomrudia mwenye shamba na jirani yake.

Adui ambaye mbwa huyo anafaa kumkabili kuliko wote ni ndezi, anayeitwa simbiliki katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Wengi humhesabu kuwa panya mkubwa, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na nungunungu kuliko panya wa nyumbani. Ziko spishi mbili: ndezi mkubwa, ambaye hupenda matete ya kando ya mito na madambo, yaani mabonde mapana yenye nyasi na unyevu yaliyotapakaa katika nyanda za juu za Lualaba, na ndezi mdogo, ambaye huvumilia nyasi za nchi kavu. Ndezi mkubwa aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 4 hadi 7, na wengine huzidi hapo; jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 5 hivi, kisha huzaa watoto wapatao 4, ambao hutoka tumboni wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka, tayari kumfuata mama yao baada ya muda mfupi. Ni mnyama wa usiku, mwoga, mwenye meno ya mbele ya rangi ya machungwa, yale ya juu yakiwa na mifereji mitatu, na kwa meno hayo hulikata bua la mhindi karibu na ardhi ili aangushe gunzi, akatafuna sehemu yake tu kisha akahamia bua jingine. Kinachomuumiza mkulima hasa ni huo uharibifu unaopita kiasi cha njaa ya mnyama, kwa sababu familia chache za ndezi zikiweka makao kando ya shamba dogo huweza kuufuta ukingo mzima kabla mahindi hayajakauka.

Mwenye shamba humjua ndezi kabla ya kumwona. Ukingoni mwa shamba hukuta mabua yaliyokatwa mshazari kama kwa panga lililonolewa, vipande vya shina vilivyotafunwa na kuachwa katika malundo madogo, vijia vyembamba vinavyopenya chini ya nyasi zilizolala, na mavi ya vidonge virefu vyenye ufa mmoja ubavuni. Dalili hizo zikiwa mbichi, watu hulizunguka eneo wakiwa na nyavu, mikuki na marungu, kisha mbwa huingizwa kutoka upande ambao upepo unampuliza usoni, kwa kuwa anayefanya kazi hapo ni pua, na harufu ya mnyama aliyejificha humfikia pale tu upepo unapoileta. Ndezi akihisi hatari hutulia kwanza, kisha hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma na kutoa mluzi, na mwisho huchomoka kwa kasi kuelekea majini, ambako huogelea vizuri. Kwa sababu hiyo mbwa wanaothaminiwa si wale wakubwa wenye sauti nzito. Wanaotakiwa ni wale wembamba wa kifua, wepesi wa kugeuka, wanaoweza kupenya katika nyasi zinazomzidi mtu kimo bila kukwama, huku mmoja au wawili wenye mbio wakishikwa nje kungojea upande wa mto. Mbwa hodari hamtafuni mnyama aliyemkamata, bali humbana hadi mwenyewe afike. Tabia hiyo haiji kwa kupigwa. Mbwa mchanga huipata kwa kufuatana na wakubwa waliokwisha kuizoea, jambo linaloeleza kwa nini kijiji kinachopoteza mbwa wake wote kwa ugonjwa mmoja hupoteza pia ujuzi ambao hauwezi kununuliwa sokoni.

Kazi ya mbwa haimaliziki kwa ndezi. Nguruwe pori hufukua mihogo usiku, tumbili na nyani huvuna mahindi mchana, na katika mashamba ya mbali na kijiji walinzi hukaa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa ili mtu aone shamba lote, wakiwa na moto, debe la kupiga na mbwa chini yao. Hapa mbwa hatakiwi kuua. Inatosha kwamba anasikia kabla ya mlinzi kusikia na kwamba mnyama anajua yupo. Nguruwe pori dume aliyebanwa ana pembe za kinywani zinazoweza kumpasua mbwa tumbo, na mkulima mwenye busara humwita mbwa wake arudi mara tu nguruwe anapogeuka kukabili. Mtego wa waya, ambao umeenea kwa kuwa ni rahisi na haulipiwi mshahara, hauna uwezo huo wa kuitwa urudi: hunasa mnyama mharibifu, mbuzi wa jirani na mnyama adimu kwa usawa, na ukisahauliwa huendelea kuua hadi waya uliwe na kutu.

Ni vema pia kueleza mahali ambapo uwezo wa mbwa unakoma, maana wapo wanaomtarajia afanye asiloliweza. Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ni mdogo, huzaa baada ya mimba ya siku 23 tu, na kwa mzao mmoja huweza kupata watoto 10 na zaidi, hivi kwamba mvua ikinyesha vizuri idadi yake huongezeka kuliko uwezo wa mbwa yeyote wa kumsaka. Panya huyo hufukua mbegu siku chache baada ya kupandwa, kisha hurudi wakati magunzi yamekomaa. Nchini Tanzania, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro kimemchunguza kwa miongo kadhaa, hasara anayosababisha katika mahindi hukadiriwa kwa kawaida kuwa asilimia 5 hadi 15 ya mavuno kwa mwaka, na katika miaka ya mlipuko mkulima huweza kulazimika kupanda upya shamba zima. Mbwa mmoja aliyelala uani hawezi kuzuia jambo hilo huko shambani. Nyumbani na penye ghala mambo ni tofauti kidogo: utafiti uliofanywa katika kaya za vijijini huko Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba panya walipunguza kutembea na kula katika kaya zilizokuwa na paka na mbwa kwa pamoja, na kwamba matokeo hayo hayakupatikana katika kaya zenye paka peke yake au mbwa peke yake. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ulinzi huo hutokana na hofu, kwa kuwa panya anayeogopa kutoka hali nafaka, hata kama hakuna anayemkamata.

Pale ambapo mbwa na paka hawatoshi, mkulima hukimbilia sumu, na hapo ndipo mbwa mwenyewe huwa hatarini. Fosfidi ya zinki, unga wa kijivu wenye harufu ya kitunguu saumu unaotumiwa sana Afrika Mashariki na ya Kati, hukutana na asidi ya tumboni na kutoa gesi ya fosfini, ambayo haina dawa ya kuitengua. Sumu ya aina hiyo inapouzwa sokoni ikiwa imefungwa katika vikaratasi visivyo na maelezo, chambo hutupwa popote, na mbwa anayekula chambo chenyewe, au panya ambaye bado ana sumu tumboni, hufa usiku huohuo. Mkulima aliyetaka kuwapunguza panya hujikuta amemwondoa mlinzi wake na kuwaachia ndezi nafasi, na ndiyo maana sumu isingefaa kuwekwa nje ya vyombo vilivyofunikwa ambamo panya pekee anaweza kuingia.

Swali la namna ya kugawana kazi kati ya mbwa na sumu si la Afrika peke yake. Katika mashamba ya Uingereza mbwa wadogo waitwao teria walizalishwa makusudi kwa ajili ya kuingia mashimoni na kuua wanyama waharibifu, na aina mashuhuri zaidi imebeba jina la John Russell, kasisi wa Devon aliyeishi kati ya mwaka 1795 na 1883. Wakulima wa huko huwatumia mbwa hao hadi leo kusafisha maghala na mabanda ya kuku, na kwa sungura hutumia mbwa wenye mbio pamoja na fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche anayeingizwa shimoni ili awatoe sungura nje. Mwaka 1958 huko Scotland waligunduliwa panya ambao walikuwa hawafi tena kwa warfarini, sumu iliyodhaniwa kuwa imemaliza tatizo, na tangu hapo kazi ya mbwa haikuweza kudharauliwa. Jambo la kujifunza zaidi kutoka huko ni la kisheria: Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika England na Wales mwezi Februari 2005, ilipiga marufuku kuwinda wanyama pori kwa kundi la mbwa, mbweha akiwa ndiye aliyebishaniwa sana, lakini ikaruhusu waziwazi mbwa watumiwe dhidi ya panya, na dhidi ya sungura kwa idhini ya mwenye ardhi. Bunge lilitenganisha kuwinda kwa starehe na kulinda chakula, na utenganisho huo ni wa haki, hata kwa mtu asiyependa kuona mnyama yeyote akiuawa.

Kongo nayo iliipa dunia mbwa wa kazi. Basenji, mbwa mdogo wa rangi ya kahawia na nyeupe mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, anatoka katika misitu ya Kongo, ambako wawindaji humtumia kusukuma wanyama kuelekea kwenye nyavu. Kwa kuwa habweki kama mbwa wengine, hufungwa njuga shingoni ili mwenye wavu ajue alipo ndani ya kichaka. Mwaka 1895 jozi ya mbwa hao ilifikishwa Uingereza na kuoneshwa katika maonesho ya Crufts, lakini ikafa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na mishipa ya fahamu ya mbwa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1937 ndipo Olivia Burn alipoweza kuwaonesha tena hapo Crufts, safari hii kwa mafanikio. Wafugaji wa Marekani walirudi Zaire mwishoni mwa miaka ya 1980 kutafuta damu mpya, kwa sababu mbwa wote waliokuwa nje walikuwa wametokana na wachache mno. Mbwa wa vijiji vya Lualaba, ambaye kwa kawaida ni mrefu zaidi, wa rangi mchanganyiko na mwenye kubweka, si basenji, na hakuna klabu inayoandika ukoo wake. Lakini naye amechujwa na maisha yaleyale: aliye mlegevu, mwenye ukali kwa watoto au asiyeweza kuishi kwa makombo ya bukari, yaani ugali, hakudumu wala hakuzaa.

Distempa iliyowaua mbwa wale wa mwaka 1895 haikuishia katika historia. Mwaka 1994 virusi vyake viliingia Serengeti na kuua takriban simba 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa huko, na wanasayansi wakaihusisha ajali hiyo na mbwa wasiochanjwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Lualaba ina sababu ya kulizingatia tukio hilo, kwa kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, imo ndani ya jimbo, na mbwa anayefuata ndezi hajui mpaka wa hifadhi ulipo. Vivyo hivyo hajui tofauti kati ya ndezi, ambaye hayumo hatarini, na kakakuona, ambaye biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kabisa. Anayejua ni mtu aliyemshika kamba. Sheria ya uwindaji ya Kongo ya tarehe 28 Mei 1982 inamtaka mwindaji awe na kibali, na mwenye kundi la mbwa anayeingia pori la mbali ili apeleke nyama katika soko la Kolwezi anafanya jambo tofauti na mama anayewaachilia mbwa wake wawili kwenye ukingo wa mahindi yake, ingawa mbwa na mnyama ni walewale.

Machimbo yameifanya tofauti hiyo iwe ngumu zaidi kuonekana. Maeneo makubwa kuzunguka Kolwezi na Fungurume yametolewa kwa makampuni, uzio umejengwa, wakulima wengine wamehamishwa, na mashamba yaliyobaki yamesukumwa mbali au kubanwa kwenye vipande vilivyo kati ya barabara, mabomba na kuta. Ardhi iliyozungushiwa uzio lakini haijachimbwa hubaki na nyasi ndefu zisizolimwa wala kuguswa na mwindaji, nayo ni maficho mazuri kwa ndezi, ambaye hutoka usiku, hula nje na kurudi ndani alfajiri. Katika uzio uleule yumo mbwa mwingine wa kazi, yule wa ulinzi, aliyefunzwa na kampuni, anayelishwa kwa saa, kuchanjwa kwa tarehe na kutibiwa na daktari wa mifugo. Hakuna ubaya katika matunzo hayo, na mbwa wa ulinzi anayastahili. Linaloumiza ni kwamba umbali wa hatua chache tu unamtenganisha na mbwa anayelinda chakula cha familia ambaye hajawahi kuchomwa sindano hata moja.

Sindano hiyo inahusu uhai wa watu kabla ya wa mbwa. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, ugonjwa huo hauna tiba, lakini kabla ya hapo unazuilika: jeraha huoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa hupelekwa kituo cha afya kuchanjwa, hata kama jeraha ni dogo. Upande wa mbwa, wataalamu wanakubaliana kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa mfululizo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kisiwani Pemba kampeni za aina hiyo ziliung'oa ugonjwa, ukaingia tena kutoka nje, na chanjo zilizorudiwa zikaushinda mara ya pili. Mbwa wa kazi ya shamba yuko hatarini kuliko mbwa wa uani, kwa kuwa hukutana na wanyama pori puani na mdomoni, na yuko karibu na watoto kila jioni. Kumuua kwa hofu, kama inavyofanyika pale panapotokea tetesi za kichaa, hakusaidii: mbwa wapya wasiochanjwa huletwa kujaza nafasi, na mzunguko huanza upya.

Gharama si kizuizi kisichovukika kwa jimbo lenye utajiri wa Lualaba. Sheria ya madini ya Kongo iliyofanyiwa marekebisho tarehe 9 Machi 2018 inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa maeneo ya utawala yaliyogatuliwa, yaani miji, komuni, sekta na himaya za machifu ambamo mgodi upo, na inayataka makampuni yatenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya miradi ya jamii zinazoguswa na uchimbaji. Miradi hiyo huandikwa katika hati ya makubaliano kati ya kampuni na jamii, na mara nyingi vinavyoandikwa ni shule, kisima, zahanati na barabara, mambo ambayo hakuna anayeweza kuyapinga. Chanjo ya mbwa dhidi ya kichaa na distempa, pamoja na mafunzo ya kutunza ghala na kutumia sumu kwa usalama, ingechukua sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na ingewafikia hata wakulima wasio na mtoto shuleni wala ndugu mgodini. Wakati unaofaa ni mwezi Mei, mvua zikiwa zimekoma na mavuno yakiwa yanaingia ghalani, ambapo barabara za vijijini zinapitika, mbwa wote bado wako nyumbani, na misako ya ndezi ya kiangazi haijaanza kuwatawanya.